Glavu za Rangi ya Machungwa

Walimu wenzangu vijana, siku mliponiaga mlinipa saa kubwa ya ukutani, zawadi ya ajabu kumpa mtu ambaye ndiyo kwanza amemaliza kukimbizana na saa. Nawashukuru. Imetundikwa sebuleni na inakwenda vizuri. Mimi ndiye siendi popote. Mkaniomba pia niwaandikie kidogo juu ya kazi. Habari za vyeo na mishahara nawaachia wanaozikumbuka kwa furaha. Mimi nitaandika juu ya mikono. Katika shule yetu mikono ndiyo mdomo, na nilipoanza hakuna aliyenionya kwamba mdomo huo nao huchoka.

Nilikuja kwa muhula mmoja tu. Nilikuwa nimetoka Kasapa, chuo kikuu cha hapa Lubumbashi, na diploma ya historia, natafuta darasa la watoto wanaosikia, na shule ya viziwi ilikuwa karibu na kwetu, mtaa wa Hewa Bora. Mwalimu mmoja alikuwa amekwenda kujifungua, wakanichukua nishike nafasi yake. Siku ya kwanza nikasimama mbele ya watoto nikawasalimu: “Bonjour les enfants!” Wakanitazama. Nikarudia kwa nguvu zaidi. Wakaendelea kunitazama, kwa adabu, kama watu wanaomtazama jogoo. Nikavuta pumzi nikapiga kelele mpaka shingo ikanivimba. Ndipo mkurugenzi akatokea mlangoni.

“Madame Ngalula,” akasema taratibu, “hawa batoto habasikie. Lakini majirani, bo banasikia.”

Yule mwalimu alijaliwa mapacha, hakurudi. Muhula wangu mmoja ukawa maisha.

Aliyenifundisha kusema kwa mikono hakuwa mkurugenzi wala kitabu. Alikuwa Papa Ilunga, fundi wa mbao aliyefundisha useremala kwenye banda la nyuma, kiziwi tangu utotoni. Maneno yake yote yalikuwa ya mikono. Hapa nayaandika kwa Kiswahili ili mnielewe. Wiki ya kwanza alinitazama nikihangaika na ishara zangu chache, halafu akaniambia, “Mikono yako inanong'ona.” Akanisimamisha upande mmoja wa uwanja, yeye akaenda upande wa pili, karibu na ukuta, akanitaka nimsimulie nilichokula asubuhi. “Nisipokusoma kutoka hapa,” akasema, “mtoto wa dawati la nyuma hakusomi pia.” Nikamsimulia chai na mkate mara nyingi kuliko nilivyovinywa na kuvila.

Alinifundisha kwamba ishara huanzia begani na kumalizikia usoni. “Uso ukilala,” alikuwa akisema, “mikono inabaki kuongea peke yake kama mlevi.” Alinifundisha nivae blauzi isiyo na maua, ili vidole visipotee ndani ya bustani. Na katikati ya masomo hayo alinipa habari zote za mtaa. Sijapata kumjua msengenyaji hodari kuliko Papa Ilunga, na hakuna hata mmoja wa aliowasengenya aliyewahi kumsikia.

Kati ya watoto wote walionipa kazi, nitawasimulia mmoja, Kabedi. Aliletwa na mama yake akiwa binti mkubwa kidogo, na hakuwa na lugha yoyote. Si Kiswahili, si Kiluba, si ya mikono. Nyumbani walielewana kwa kuvutana nguo na kuonyeshana vitu. Siku za mwanzo alikaa chini ya meza, na nilipoinama nimwonyeshe ishara alifumba macho. Mnajua maana yake kiziwi akifumba macho: amekufungia mlango.

Mlango huo haukufunguliwa na somo lolote langu. Ulifunguliwa na bukari, ugali wetu. Mchana mmoja kantini walipika bukari na sombe ya majani ya muhogo, na Kabedi alimaliza sahani yake kabla ya wenzake kunawa. Akanyoosha sahani. Nikausimamisha mwiko sufuriani, nikafanya ishara ya “ongeza,” nikangoja. Akavuta nguo yangu. Nikarudia ishara, nikangoja. Akanitazama mikono, akatazama bukari, akanitazama tena. Kisha vidole vyake vidogo vikakutana: ongeza. Nikampakulia mpaka mpishi akaguna.

Kuanzia siku ile alitumia neno hilo moja kwa mambo yote ya dunia. Mvua ikinyesha: ongeza. Jumapili ikija: ongeza. Mama yake alinisimulia kwamba kanisani, mhubiri alipomaliza mahubiri marefu na watu wanainuka kwa shukrani, Kabedi alisimama juu ya benchi akafanya “ongeza” kwa mikono miwili. Bahati yake mhubiri hakuijua lugha.

Mama yule alikuwa mtu wa namna ya pekee. Kila Jumatano alikuja kukaa nyuma ya darasa, akajifunza pamoja na mtoto wake, akakosea pamoja naye. Baba, Papa Kazadi, alikuwa mfanyabiashara wa unga wa mahindi kule Naviundu. Mkarimu sana, magunia mengi ya kantini yetu yalitoka dukani kwake. Lakini kuongea na binti yake alipitia kwa mke wake. Nikimwalika darasani alicheka akaninyooshea viganja vyake vipana: “Madame, hii mikono yangu ni ya kubeba. Kusema, haijue.”

Basi miaka ikaenda, na Kabedi akakua, akamaliza, akawa msusi wa nywele. Wengine wakaja, nao wakamaliza. Mimi nikaendelea kusema kwa mikono kutwa, na jioni nyumbani kufua na kupika kwa mikono hiyo hiyo.

Maumivu yalianza katika baridi ya mwezi wa saba, ile inayotufanya watu wa Lubumbashi tuvae makoti na kulalamika kama tuko nje ya nchi. Asubuhi shina la kidole gumba cha kulia lilikuwa gumu. Baadaye kifundo cha mkono nacho kikaanza kuvimba. Kukamua nguo ikawa shida, kufungua kifuniko cha bidoni ya mafuta nikawaita majirani. Nikajiambia ni baridi. Lakini joto likarudi, na maumivu hayakwenda.

Darasani ishara zangu zikaanza kufutika pembeni. Siku moja niliwaambia watoto, “Kesho inspekta atakuja, mjiandae.” Kidole gumba kikakataa kuinuka, ishara ya inspekta ikaangukia njiani, na kesho yake asubuhi nusu ya darasa walikuja na majani. Walikuwa wamenisoma vizuri kabisa: kesho mbuzi atakuja. Inspekta akafika akapokewa kwa majani mabichi. Alidhani ni mapambo, akafurahi sana, na kwenye ripoti yake akaisifu shule kwa ukarimu.

Watoto ndio waliogundua. Utawafichaje kitu watu wanaokusoma vidole mwaka mzima? Msichana mmoja wa dawati la mbele akaniambia, “Madame, mkono wako wa kulia unaongea kama umetoka usingizini.” Mwenzake akasema, “Hapana. Unaongea kama unalia.”

Neno hilo la pili ndilo lililonipeleka hospitali. Daktari aliangalia, akapiga picha, akanituma kwa kine, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Jina lake Justine, mwanamke mcheshi mwenye mikono ya moto. Akanibonyeza shina la kidole mpaka nikaruka.

“Mama, unafanyaka kazi gani?”

“Niko mwalimu.”

“Ah! Craie njo ilikuumiza.” Akafanya kama anaandika ubaoni kwa chaki.

“Hapana. Ni kusema.”

Akainua macho. “Kusema na mikono?”

“Na mikono.” Nikamweleza, na kwa kuwa kueleza bila mikono siwezi, nikamwonyesha pia.

Akacheka mpaka akakaa. “Bon. Balimu bengine banapotezaka sauti, banakunywa chai ya tangawizi. Weye sauti yako iko mu mikono. Mikono yako imekauka sauti, mama!”

Sijapata kusikia mganga akitaja ugonjwa wangu vizuri hivyo. Akanieleza kwamba kiungo cha kidole gumba kimechakaa, na kano za kifundo zimevimba kwa kurudia jambo lile lile. Akaniagiza mambo matatu: maji ya vuguvugu asubuhi pamoja na mazoezi ya vidole, kupumzika kabla maumivu hayajaanza kupiga kelele, na glavu za kubana, zile zinazoacha ncha za vidole wazi. Sisi mjini tunaziita tu magants.

“Inapashwa kubana sawa rafiki anakushika mukono,” akasema, “hapana sawa polisi. Kama bidole binaanza kufa ganzi, ao binakuwa baridi, toa mara moja. Usishindane na gant. Na usiseme ni dawa. Ni musaada. Dawa ni kupumuzika, na kupumuzika balimu hamupendake.”

Glavu za kwanza nilizipata famasi ya mjini. Kwenye boksi waliandika kwamba ni za rangi ya ngozi. Ngozi ya nani, hawakusema. Nilipoingia nazo darasani, watoto walitazama mikono yangu, wakatazama uso wangu, wakatazamana. Kisha mvulana mmoja akainuka akauliza kwa heshima zote, “Madame, mikono yako imepata viza, na wewe umebaki?”

Asubuhi ile hatukusoma hesabu.

Lakini nikiri kwamba mkono ulipata nafuu. Joto lilikaa ndani, uvimbe ukatulia, na saa za mwisho za siku, ambazo zamani nilizimaliza nikiwa nimeuma meno, zikawa saa za kawaida. Shida ilikuwa nyingine. Zilikuwa pana kiganjani, zikakunjamana, na mikunjo ile iliwasumbua watoto kama kigugumizi kinavyowasumbua wenye kusikia. Halafu ukuta wa darasa letu nao ni wa rangi ile ile ya maziwa. Nikisimama mbele yake, mikono inapotea. Mkono haukuuma tena, lakini ulikuwa hausomeki. Nikabaki kuchagua: niseme nikiumia, au nitulie bila kueleweka.

Nikaenda kwa Fundi Ramazani, Naviundu, karibu na daraja. Watu wa kwao walitoka Maniema, na ushonaji umo katika familia tangu babu. Akazigeuza zile glavu ndani nje, akazivuta, akazinusa hata.

“Mama, miye nashonaka kanzu ya bakubwa na robe ya bibi harusi. Magants ya kubana, bado.” Akafikiri. “Lakini kitambaa inavutika. Mukono nayo inavutika. Tutasikilizana.”

Jozi yake ya kwanza ilikuwa nzuri ya kutundikwa ukutani, na ilibana kweli kweli. Kabla sijafika nyumbani, vidole vikafa ganzi kama vimejaa sisimizi. Nikamwonyesha Justine, akasonya. “Huyu njo polisi nilikuambia!” Akavua koti lake jeupe, tukaenda wote dukani kwa fundi.

Mabishano ya mchana ule nayakumbuka kwa furaha. Justine alisema mkono usipimwe mara moja tu. Asubuhi ni mnene, mchana umepungua, na kipimo cha kifundo si kipimo cha kiganja. Ramazani alisema sawa, lakini mshono ukikaa ndani utakanyaga pale pale panapouma, kwa hiyo yeye atauweka nje, hata kama si mapambo. Justine akafikiri, akasema hilo hakulisoma shuleni. Ramazani akasema naye la kupima asubuhi hakulisoma kwa babu yake. Wakaagizana chai. Mimi mwenye mikono nilikaa pembeni kama mkoba.

Ikabaki rangi. Nikawaachia watoto wapige kura, nikapendekeza kijivu, rangi ya heshima kwa mama wa umri wangu. Nikashindwa vibaya. “Kijivu ni rangi ya mvua,” akasema yule msichana wa dawati la mbele. Wakajaribisha vipande vya kitambaa juu ya blauzi yangu ya bluu, wengine wakisimama mwisho wa darasa kama majaji, na uamuzi ukatoka: machungwa. Rangi ya chungwa lililoiva, inayoonekana kabla ya mtu mwenyewe hajaonekana.

Ndizo glavu mlizonikuta nazo. Mtaani zilinipatia vyeo ambavyo sikuviomba. Kwenye njia panda dereva mmoja alisimama kabisa, akangoja nimruhusu kupita. Nikamruhusu, mtu asisumbuke. Papa Ilunga, ambaye wakati ule alikuwa ameshastaafu na kuhamia kwa wanawe, mji wa Likasi, alipokuja kututembelea alinisimamisha uwanjani kama zamani, akarudi nyuma mpaka ukutani, akanitazama nikimsimulia habari za mtaa. Kisha akajibu, “Sasa nitakusoma hata nikiwa Likasi.”

Mambo ya matumizi ni haya, myashike, maana siku moja itakuwa zamu yenu. Muwe na jozi mbili, moja ikauke nyingine ikiwa kazini. Zifueni kwa mkono na sabuni laini, mzianike kivulini. Jua letu linaua mpira wa kitambaa. Msizivae juu ya kidonda. Msinunue kubwa kwa ajili ya kustarehe, wala ndogo kwa ajili ya kupona haraka. Onaneni kwanza na daktari, kwa sababu si kila mkono unaouma unaumwa kitu kimoja. Asubuhi, kabla ya chai, mikono ndani ya beseni la maji ya vuguvugu: funga ngumi, fungua, kidole gumba kiwasalimie wenzake mmoja mmoja. Na mpumzike. Mimi nilipolazimika kushusha mikono, niliwaachia watoto waelezane wao kwa wao, mimi nikitazama tu. Darasa langu halijawahi kuongea vizuri kama nilipoanza kunyamaza.

Sasa nifike kwenye harusi, kwa sababu ndiyo siku ninayoikumbuka zaidi ya zote za kazi yangu.

Mwaka mmoja kabla sijastaafu, Kabedi alikuja shuleni na Serge, mchomeleaji vyuma, mwanafunzi wetu wa zamani naye. Wanaoana. Akanishika mikono yote miwili, ishara ambayo kwa kiziwi ni sawa na kukuziba mdomo ili umsikilize, kisha akaiachia akasema, “Siku ile, wewe ndiye utakayetutafsiria. Si mwingine.”

Nikafurahi, nikakubali, kisha nikakumbuka ni mwezi wa saba. Baridi ilikuwa imeniamshia tena kidole. Na harusi zetu mnazijua: asubuhi kwa komuni, ofisi ya serikali inayofungisha ndoa, mchana kanisani, halafu ukumbini mpaka viti vichoke. Justine akasema glavu zitanisaidia, ila siku nzima peke yangu hapana, tugawane. Nikamtaja mwenzenu Odette, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kazi. Odette, samahani, nitasema alichosema Kabedi: “Mikono yake bado inanong'ona.” Tukabishana, mwishoni akakubali Odette achukue nyimbo na matangazo, mimi nichukue viapo na hotuba.

Siku chache baadaye, watoto walipokwisha kurudi makwao, Papa Kazadi akaja darasani. Mke wake alikuwa amefariki miaka michache kabla. Akakaa kwenye kidawati cha mtoto, magoti juu.

“Madame, mama yake akiwa muzima, yeye njo alikuwa mudomo yangu. Sasa tuko tunakala mu nyumba moja, tunatumiana mesaji. Namuandikia ‘chakula iko tayari,’ na eko mbele yangu, kwa meza.”

Akavitazama viganja vyake.

“Siku ya mariage nitapashwa kusema. Nataka kusema miye mwenyewe. Hapana weye, hapana simu.”

“Papa, mariage iko karibu.”

“Njo maana nilikuya leo.”

Tukaanza pale pale. Nilivaa glavu zangu, nikafanya ishara ya kwanza, “binti,” akaiga. Nikafanya ya pili. Nilipomwonyesha ya tatu nikaona anakunja uso, na vidole vyake vinasimama katikati ya njia kama bawaba zenye kutu.

“Mikono inauma?”

“Inaumaka tangu zamani. Ni magunia.” Akaificha chini ya dawati. “Nilikuambia haijue kusema.”

“Inajua,” nikamwambia. “Imekauka sauti.”

Nikampeleka kwa Justine. Akamchunguza pamoja na daktari, wakaridhika kwamba glavu zinamfaa, wakamtuma kwa Ramazani. Kulikuwa na tatizo moja. Kitambaa cha kuvutika kilichokuwepo dukani ni kile kilichobaki kwenye zangu.

“Mwanaume muzima na orange?” akalalamika Papa Kazadi.

“Papa, ukitaka nyeusi, ngoja mwezi kesho,” akajibu fundi, naye tayari ameshika kamba ya kupimia.

Harusi haikuweza kungoja mwezi kesho.

Kila mchana alikuja darasani. Joto la glavu lililegeza vidole, na pole pole vikaanza kutii. Dukani alijizoesha nyuma ya magunia. Mteja mmoja alimwona akiinua vidole hivi na hivi, akadhani bei imepanda, akaondoka. Kabedi hakuambiwa kitu. Alijua tu kwamba siku hizi baba anachelewa kurudi, akanituma nimuulize kama amepata mwanamke. Nikajibu kwamba kwa kadiri nijuavyo, hapana.

Siku ikafika. Kwa komuni ofisa aliuliza swali lake, nikalipeleka, na “ndiyo” ya Kabedi ilikuwa kubwa hata asiyejua lugha akaielewa. Kanisani Odette alitafsiri nyimbo, na nawaambia mbele yake: hakunong'ona. Tulipofika ukumbini glavu zangu zilikuwa zimefanya kazi ya siku nzima, na shina la kidole lilikuwa limeanza kunikumbusha umri. Zikabaki hotuba. Mshereheshaji akamwita baba wa bibi harusi.

Papa Kazadi akasimama. Nikaenda kando yake, nikainua mikono tayari kumtafsiria. Akanitikisia kichwa. Akaingiza mkono ndani ya koti la suti yake nyeusi, akatoa glavu za machungwa, akazivaa moja baada ya nyingine, akizivuta vizuri kila kidole. Wageni wakaanza kucheka, wakidhani ni mchezo wa kuwafurahisha. Kabedi hakucheka. Alikuwa amemwona baba yake akiinua mikono mpaka usawa wa kifua, mahali mikono inapoinuka mtu akitaka kusema.

“Kabedi,” ikasema mikono ile. “Ni mimi. Baba yako.”

Wageni wakageuza macho kwangu. Ndipo nikaelewa kwamba wageni wale wote wanaosikia hawajui kinachosemwa, na kwamba kazi yangu imegeuka. Nikashusha mikono, nikawageukia wao, nikatafsiri kwa sauti. Siku nzima nilikuwa nimewapelekea viziwi maneno ya wanaosikia. Sasa nilikuwa nawapelekea wanaosikia maneno ya baba anayesikia kama wao.

“Nilichelewa,” nikasema kwa niaba yake. “Mama yako alisema badala yangu. Leo nasema mwenyewe.” Vidole vyake vilikwenda taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. “Serge, wewe ni mwanangu. Kabedi...” Hapo akavuta pumzi. Ishara ya nyumba sisi tunaifanya kifuani, mikono ikikutana kama paa. Yeye kwa furaha aliyokuwa nayo akaipandisha mpaka juu ya kichwa, ikawa neno jingine. “Kabedi, kofia yangu iko wazi kwako siku zote.”

Meza za viziwi zikalipuka kwa kicheko. Katika harusi zote nilizowahi kuhudhuria, ilikuwa mara ya kwanza viziwi kucheka kwanza, na wanaosikia kubaki wakiulizana kuna nini. Ukiwa mtafsiri, hurekebishi maneno ya mtu. Unayafikisha kama yalivyo. Nikayafikisha: kofia. Ukumbi wote ukacheka, na vigelegele juu yake. Papa Kazadi akasimama katikati, mikono bado juu ya kichwa, hajui alikosea wapi.

Kabedi akainuka na gauni lake lote, akaenda mpaka mbele yake, akicheka huku machozi yakimharibia poda. Akaishika ile mikono ya machungwa, akaishusha kutoka kichwani, akaiweka kifuani, akaikutanisha vizuri: nyumba. Akaiachia. Baba akairudia peke yake. Nyumba. Kabedi akatikisa kichwa kwamba ndiyo, ndivyo. Kisha akaanza kumjibu, maneno mengi, kwa kasi ya mtu aliyekaa nayo tangu utotoni.

Papa Kazadi akanigeukia, jasho usoni.

“Madame, anasema nini?”

Nikaweka mikono yangu nyuma ya mgongo.

“Muulize mwenyewe, papa.”

Akanitazama kidogo. Kisha akamgeukia binti yake, akainua vidole vyake, akatafuta, akapata: “Rudia. Pole pole.”

Na Kabedi akarudia, pole pole.